Presha ya Kuazima

Alhamisi, 29 Mei 2025

Kikao cha familia kwa shangazi Gahongayire, Kabuga. Mada ni harusi ya Umutoni, binti wa marehemu kaka yangu. Siku ya posa wageni watakuja kumwomba, na upande wetu lazima uwe na msemaji wa kuwazungusha kwa maneno kabla ya kukubali. Msemaji ni mimi. Nani mwingine? Nimekulia Bujumbura, mdomo wangu haujawahi kulala njaa. Nimeshafanya mazoezi mbele ya kioo. Nitawaambia Umutoni amekwenda kuwa mtawa. Wakibisha, nitawaambia hatumjui kabisa. Watatoka jasho!

Kumbe binamu Mutabazi naye anaitaka kazi hiyo. Mutabazi wa Kacyiru, mtu wa ofisi na tai, anayekimbia kila asubuhi bila kufukuzwa na mtu. Shangazi akasema hataki tena msiba kama ule wa mwaka jana, msemaji wa kwa jirani alipoanguka katikati ya habari za ng'ombe wa mahari. Presha! Hakuamka. Kwa hiyo sisi wawili tukapimwe Jumapili, siku ya barabara bila magari, wanapopima bure. Nikiwa salama, nafasi ni yangu, mimi ndiye mkubwa. Nisipokuwa salama, ni ya Mutabazi.

Mutabazi akatabasamu. Na mimi nikatabasamu, ila kwa meno tu. Sijawahi kupimwa maisha yangu yote. Kichwa kinaniuma asubuhi, sawa, lakini hapa Gikondo kwenye kelele za gereji nani hakimuumi?

Ijumaa, 30 Mei

Nimepata ufumbuzi. Viateur!

Viateur ni fundi mwenzangu gereji. Mwembamba, hanywi bia, anaimba kwaya moja na mke wangu Daphrose. Mtu wa namna hiyo presha ataitoa wapi? Nikamwomba Jumapili aende yeye, ataje jina langu, Aimable Nsabimana, na namba yangu ya simu, apimwe, arudi. Akasema huo ni uongo. Nikamwambia huo ni msaada, mkono wa mtu ni mkono wa mtu. Akakuna kichwa, akakubali. Viateur hajui kukataa. Huo ndio ugonjwa wake pekee.

Jumapili, 1 Juni

Siku mbaya. Niandike taratibu.

Asubuhi nilimwambia Daphrose nakwenda kupimwa. Nikavaa raba. Simu nikaiacha nyumbani kwenye chaji. Nikaenda kukaa nyuma ya kibanda cha mishikaki, nikala ya mbuzi, yenye chumvi ya kutosha, nikimsubiri Viateur. Barabarani watu wazima wanakimbia na watoto wao. Ajabu.

Viateur akarudi anahema. Akasema nesi amempima, akakunja uso, akampima tena, akamwambia akae pale asubiri daktari. Akadhani uongo umeshajulikana. Akakimbia! Je, ilisoma ngapi? Hakutazama. Nikampongeza kwa kutokamatwa.

Nafika nyumbani, Daphrose amekaa kitandani na simu yangu mkononi, analia. Nesi alikuwa amepiga. Presha ya Aimable Nsabimana ni 190 kwa 110. Ni ya hatari, aende kituo cha afya kesho asubuhi bila kukosa, mishipa ya kichwani inaweza kupasuka wakati wowote.

Daphrose akanikumbatia. Hajanikumbatia hivyo tangu tulipooana. Nikafungua mdomo niseme ukweli. Maneno yaliyotoka ni haya: nitapona.

Jumatatu, 2 Juni

Chumvi imefichwa. Bia imepewa jirani. Chakula cha mchana: mboga za dodo, mchicha wa kwetu, za kuchemsha. Chakula cha usiku: dodo zilezile. Shangazi amepiga simu kunipa pole, na kunijulisha kwamba Mutabazi ndiye atakayesema. Mutabazi naye amepiga kunipa pole! Sauti tamu kama asali. Nilitamani kuing'ata ile simu.

Daphrose alitaka kunisindikiza kituoni. Nikasema nimeshakwenda alfajiri, nimepewa vidonge. Sasa nameza peremende asubuhi na jioni mbele yake, na maji glasi nzima. Ananipapasa mgongo.

Viateur lazima aambiwe. Bila shaka! Mwenye presha ni yeye. Lakini ukimwambia Viateur kitu, umeiambia kwaya nzima, na Jumatano wana mazoezi, na Daphrose atakuwepo. Nitamwambia baada ya Jumatano. Mtu haanguki hivi hivi tu.

Jumatano, 4 Juni

Viateur kutwa nzima kajishika shingo. Akaniuliza kama nina dawa ya kichwa.

Nikampa peremende.

Akashukuru. Akasema inampoza. Naona aibu kuandika haya, na hapa hakuna anayesoma ila mimi.

Ijumaa, 6 Juni

Leo nilikuwa nimeshaamua kumwambia. Wallahi nilikuwa nimeamua. Kisha nikaona mteja, nikasema kwanza mteja. Mara nikasikia chuma kikianguka. Viateur amekaa chini karibu na gurudumu, anasema anaona magari mawili mawili. Gari lilikuwa moja.

Nikapiga magoti kwenye oili nikamwambia, "Viateur, ile presha ya Jumapili ni ya kwako. Mia na tisini. Simama twende."

Tukapanda pikipiki mbili. Kituo cha afya wakampima: imezidi hata ile. Wakamlaza, wakampa dawa. Nesi, mama mmoja mpole, akaniambia presha haibishi hodi. Mnene anayo, mwembamba anayo, mlokole anayo. Dawa yake ya kwanza ni kupima mara kwa mara, hata ukiwa huumwi. Akaniuliza mimi nilipima lini. Nikasema naona mgonjwa ananiita.

Viateur alikuwa kweli ananiita. Alinishika mkono, macho yamelowa, akadhani nesi alinipigia simu leo na mimi nikamkimbilia palepale. Akasema, "Kaka, usingeazima mkono wangu ningekufa bila kujua. Wewe umeniokoa."

Nilitakiwa kusema ni tangu Jumapili. Nikasema asante Mungu.

Jumapili, 8 Juni

Viateur ametoka. Amekwenda moja kwa moja kanisani, amesimama mbele ya kwaya akatoa ushuhuda. Ametaja mkono, jina langu, simu ya nesi, pikipiki. Watu wakapiga makofi. Nilikuwa nimekaa benchi la nyuma, watu wananigeukia wananipungia. Nikapunga.

Daphrose hakupiga makofi. Simu ya nesi aliipokea yeye.

Njia nzima alitembea mbele yangu. Nyumbani akatoa kopo la chumvi lilikokuwa limefichwa, akaliweka mbele yangu. Akachukua peremende zangu, akamenya moja, akaila polepole ananitazama.

"Ulijua tangu Jumapili," akasema.

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. "Nililia kwa kukuhofia," akasema, "na yule mtoto wa watu mwenye ugonjwa wake ukamwacha anainua injini." Kisha akaenda kulala. Mimi nimebaki hapa na chumvi. Sijaigusa.

Jumatatu, 9 Juni

Nimemwambia Viateur. Daphrose alisema nisirudi nyumbani bila kumwambia, na Daphrose hana mzaha.

Alikuwa ananawa mikono. Aliendelea kunawa muda mrefu, sabuni ikaisha, akaendelea na maji. Ile peremende pia nilimwambia. Nilitaka anitukane. Akasema tu kwamba mke wake ana mimba. Baadaye akasema kama nataka anisamehe, Jumapili hii niende kupimwa, mimi mwenyewe, mkono wangu mwenyewe. Nikaapa. Nililia kidogo nyuma ya ghala, pasipo na watu.

Ijumaa, 13 Juni

Shangazi ameniita Kabuga. Habari zote anazo. Alinisema mpaka chai ikapoa, kuku wa nje wakanyamaza. Nilikaa nimeinamisha kichwa. Mwisho akasema hata hivyo Umutoni ni mtoto wa kaka yangu, na posa ni Jumamosi ya wiki ijayo. Nipimwe Jumapili. Nikiwa salama nitasema mimi, nikiwa mgonjwa nitatibiwa na Mutabazi atasema. Hakuna haramu katika kuumwa, akasema, haramu ni kujificha.

Maneno mazito. Nimeyaweka moyoni. Mimi si mtu yule tena.

Jumapili, 15 Juni

Nimekwenda! Mwenyewe. Na mkono wangu mwenyewe. Viateur aliniona nikisimama kwenye foleni, akaniinulia kidole gumba kabla ya kwenda misa. Nilijisikia mwanaume.

Nikakaa kwenye kiti. Nesi kijana, simfahamu, akaniuliza jina na namba ya simu.

Hapo nikafikiri. Niliahidi mkono. Jina hakuna aliyelitaja.

Nikasema: Mutabazi. Nikatoa namba ya Mutabazi, naijua kwa kichwa.

Akanifunga kitambaa cha mashine mkononi, kikabana, kikabana, kikalegea. Akatazama mashine. Akafunga tena. Akaniambia nikae kivulini, nisiondoke, anamwita daktari. Kijana mwenye heshima sana. Nikamwambia nakwenda kununua maji, nikapita nyuma ya hema, huyoo, mpaka nyumbani.

Nimemwambia Daphrose nimepima na wakiona tatizo watapiga simu. Amefurahi, amenipikia nyama. Simu yangu imenyamaza mchana kutwa, maana yake niko salama. Kichwa kinagonga kidogo, ni lile jua. Nimempigia shangazi, amesema basi, Jumamosi nitasema mimi.

Simu ya Mutabazi, sijui. Nahisi italia kesho. Maskini, na alivyokuwa anakimbia!