Ukucha wa Elfu Arobaini

Machi 4, Jumatatu
Nusura niibiwe mchana kweupe! Tena na watu waliovaa makoti meupe.

Ni kidole gumba cha mguu wa kushoto. Ukucha umejikunja ukaingia kwenye nyama, wiki ya tatu sasa. Mama watoto kaniandama mpaka nikaenda zahanati. Nikajua watakata, nitawapa elfu mbili, chenji wabaki nayo. Msichana wa dirishani akaniandikia karatasi. Nikaisoma herufi kwa herufi. Nikafuta miwani, nikasoma tena. Kumwona daktari, elfu kumi. Sindano ya ganzi, elfu nane. Kukata ukucha, elfu ishirini. Kufunga bandeji, elfu mbili.

Elfu arobaini! Ukucha! Nikamwuliza kama hiyo ni bei ya mguu mzima. Akasema hapana babu, ukucha mmoja. Nikamwambia unauma upande mmoja tu, basi anitoze nusu. Akaita aliyefuata.

Mimi ni fundi viatu, miaka thelathini na nane. Kwa elfu arobaini naweka soli jozi kumi na tatu na elfu moja inabaki. Nikatoka pale kichwa juu. Ngazi za nje nimeshuka kinyumenyume, lakini kichwa juu.

Jumamosi kitinda mimba wangu anaolewa. Mimi ndiye wa kumtembeza kanisani, toka mlangoni hadi mbele. Hatua sitini, nimezihesabu. Mguu utapona wenyewe. Unajua mwenyewe ni nani.

Machi 5, Jumanne
Haujapona.

Mdogo wangu, karani mstaafu, kaja kunipa pole. Pole gani! Kaja kupima nafasi. Kasema kaka usijitese, ukishindwa Jumamosi mimi nipo, na suti ninayo. Kisha akatembea sebuleni, toka kabatini hadi dirishani, polepole, kiwiko nje, kama ameshikwa mkono na bibi harusi. Mbele ya macho yangu! Na chai yangu mkononi! Mama watoto akasema shemeji anatembea vizuri. Sijawahi kusikia maneno makali hivyo ndani ya nyumba hii.

Nimekaa kibarazani na hasira mpaka akili ikafunguka. Kwangu mteja akija na soli yake na uzi wake, analipa ufundi tu. Fundi gani asiyejua hilo? Basi nami nitawapelekea vifaa vyangu. Hesabu itashuka hadi mimi ndiye nitakayewaonea huruma.

Machi 6, Jumatano
Nimefika zahanati na kikapu. Wembe mpya, haujafunguliwa. Pamba. Kitambaa cheupe kilichochemshwa. Spiriti. Glavu za mama watoto za kuoshea vyombo. Nimevipanga mezani kimoja kimoja mbele ya daktari. Ni binti tu, sawa na mjukuu wangu. Nikamwambia haya, sasa taja bei ya mkono wako peke yake.

Hakutaja. Alinusa glavu. Akasema babu, hizi zina harufu ya vitunguu. Kisha akamwita nesi aje aone. Nesi akamwita mwenzake. Nikadhani wanastaajabia mpangilio.

Nikashuka kidogo. Nikasema basi aondoe ganzi, elfu nane hiyo. Mimi sindano ya viatu ilishawahi kunipita kidole huku na huku, na kiatu nikakimaliza. Daktari akasema sawa babu, tujaribu, akanigusa ukucha kwa ncha ya kidole.

Sikupiga kelele. Nilitoa sauti. Yule bwana aliyekuwa kwenye benchi la nje akisubiri kung'olewa jino aliinuka akaenda zake nyumbani.

Daktari kasema nikichelewa kidole kitaoza. Wafanyabiashara wote husema hivyo.

Machi 7, Alhamisi
Naandika nimelala.

Kisu changu cha ngozi hakina mwenzake mji huu. Kinakata ngozi ya nyati kama mkate. Nikajifungia kibandani, mguu juu ya kigoda, kitambaa mdomoni. Nilikata mara moja tu. Sijui nilikata nini, lakini ukucha bado upo.

Sikuzimia. Nilipumzika sakafuni. Mama watoto ndiye aliyesema nimezimia, na majirani wakachukua maneno yake bila kuniuliza.

Kidole sasa ni nyanya iliyoiva. Kitinda mimba kaja, kakiona, kalia. Kasema hataki baba mdogo amtembeze. Kasema toka ana miaka sita anajua ni mimi. Nikamwambia ni mimi. Akaniambia basi simama, baba. Nikasimama.

Nikakaa.

Machi 8, Ijumaa
Elfu sitini na tano! Eti kidole kimeingia usaha, dawa zimeongezeka. Nimemwambia msichana wa dirishani kwamba bei ya Jumatatu ilikuwa arobaini, na mimi ni mteja wa zamani sasa. Kitinda mimba akaninyamazisha. Akafungua pochi, akalipa. Ni fedha ya saluni. Nywele zake za harusi atazisuka rafiki yake.

Hapo nikamshikia pochi. Mimi! Nikaishika mpaka tulipoingia ndani.

Ndani nikafungua mdomo. Maana kazi yote ilichukua dakika tisa! Nilikuwa naangalia saa ya ukutani. Na sikusikia chochote, kwa hiyo sijui tulilipia nini. Nikadai nikione kipande cha ukucha walichokata. Kipo kama punje ya mchele. Nimekuja nacho, ni mali yetu.

Masharti: nisivae kiatu cha kufunika, nisiloweshe, na Jumapili nirudi kubadilishiwa bandeji.

Machi 9, Jumamosi
Hatua sitini!

Kiatu cha kushoto nimekikata mbele, kidole kikatoka na bandeji yake kama mgeni rasmi. Waalikwa wawili wameniuliza viatu hivyo vinauzwa wapi. Mdogo wangu alitufuata nyuma kwa nyuma, mikono wazi kama golikipa. Hakudaka kitu! Kitinda mimba alinishika mkono kwa nguvu sana, maskini, miguu ilimtetemeka. Mama watoto anasema iliyotetemeka ni yangu. Alikuwa kiti cha nyuma, angeonaje?

Tulipofika mbele, mwanangu aliniambia kitu sikioni. Hicho siandiki.

Machi 10, Jumapili
Nimepiga simu zahanati kabla sijajisumbua kwenda. Kubadilisha bandeji ni elfu mbili. Elfu mbili! Kufungua kitambaa na kufunga kitambaa! Nimewakatia simu.

Nimeibadilisha mwenyewe. Pamba safi, kitambaa safi, na kwa kuwa fundo lilikuwa linalegea, nimebana kwa gundi ya soli. Gundi yangu haiachii hata mvuani. Juu yake nikavaa soksi, mapema kidogo, gundi haijakauka.

Imeshika vizuri mno. Daktari angeona angeomba kujifunza. Mama watoto ananiita nikaoge, nimemwambia asubiri, natafuta kisu.