Kimya, Bilby Wamelala

Pasaka mbili nzima hujakanyaga langoni kwetu, na miguu unayo. Usinitajie kazi, hata wang'oa meno wana Jumamosi yao. Mara ya mwisho uliagiza soseji kwa Col, mchomaji wetu, ukaondoka kabla haijaiva, akaila yeye, na mpaka leo anakutaja kwa ubaya. Umekosa mengi, lakini kubwa kuliko yote umekosa hotuba ya Naibu Meya wetu, Bwana Lindsay Threlfall, siku aliyokuja kufungua nyumba ya bilby hapa kwenye bustani ya wanyama. Basi kaa. Mimi shule sikuiona, nimekua nikiswaga ng'ombe, na asiye na daftari hulazimika kuwa na masikio. Nitakupa hotuba yote, na maneno yaliyosemwa chini ya turubai nitayatia humo humo, maana mengine yalikuwa na akili kuliko ya jukwaani.

Kwanza ujue habari ya Dulcie Hargreave, mwenzangu wa fulana ya kijani. Miaka kumi na moja anajitolea, kila likizo na kila sikukuu, anaonyesha watu vyoo, anatafuta watoto waliopotea, anawafuta machozi walioporwa aiskrimu na emu, yule ndege wetu mrefu kama mbuni. Tangu Septemba alipangiwa kusimama kwenye uzio mpya wa bilby. Bilby unamjua: masikio ya sungura, pua imechongoka, mkia mweusi wenye ncha nyeupe. Ndiye tunayemla akiwa wa chokoleti siku ya Pasaka, badala ya sungura wa Pasaka wa wenzetu, kwa sababu sungura walitafuna malisho ya babu zetu mpaka kondoo wakafa, na mtu hawezi kumwekea adui yake sikukuu. Sasa bilby mchana kutwa hulala chini ya ardhi. Ofisi ya mji ikampa Dulcie karatasi: waambie wageni kwamba wamelala. Naye akawaambia. Miezi saba. Mji mzima ukawa unapita pale kwa ncha za vidole. Wanaume wa kukata miti, mabega kama kabati, wananong'ona.

Lakini Dulcie mwenyewe hakuwahi kumwona hata mmoja, na mwanamke yule hajasema uongo tangu azaliwe. Asubuhi ile akanishika mkono. "Merl, shoga yangu, leo akifungua huo mlango nikaona japo sikio moja, roho yangu itatulia. Nimewaambia watoto wa watu, sijui elfu ngapi. Kama hamna kitu mle, nitawatazama vipi?"

Nikamwambia, "Utaona tu." Sikuwa na uhakika hata chembe. Naibu Meya akagonga kipaza sauti kwa ukucha, akaanza.

"Mheshimiwa Meya, ambaye hayupo kwa udhuru, Waheshimiwa Madiwani wa kata zote sita, mliofika na mliotuma salamu, Mheshimiwa mke wangu, Mwenyekiti wa Kamati Ndogo ya Kamati Kuu ya Vivutio, Afisa Viwango vya Uzio, Kamanda wa Kikosi cha Zimamoto cha Kujitolea, Malkia wa Maonyesho ya Kilimo wa mwaka jana, na Malkia wa mwaka juzi, ambao naona wamekalishwa pamoja na naomba watenganishwe, wageni waalikwa, wageni msioalikwa, wanaojitolea wetu wapendwa mliosimama juani, na wanyama wote mlio vizimbani, kila mmoja kwa nafasi yake na itifaki ikiwa imezingatiwa: habari za asubuhi!

(Watu wakanong'ona, "Nzuri." Emu akapiga ngoma yake ya kifuani. Col, kwenye jiko la soseji: "Huyo ndiye aliyejibu kwa niaba yetu.")

"Nimesimama mbele yenu si kama kiongozi, ingawa ndimi kiongozi, wala si kama mwasisi wa maono haya, ingawa maono haya nimeyaasisi mimi mwenyewe nikiwa bafuni, bali kama mtumishi mnyenyekevu ambaye, baada ya kubaini pengo la kimkakati katika sekta ndogo ya wanyama wenye masikio marefu, alielekeza kwamba ufanyike upembuzi yakinifu, na upembuzi huo ulipokamilika akaelekeza ufanyike upembuzi wa kuupembua, ili wadau wote washirikishwe kuanzia ngazi ya chini, na kwa bilby, ndugu zangu, ngazi ya chini maana yake ni chini kabisa, ardhini.

(Kicheko kimoja. Mke wake.)

"Kabla ya uongozi wangu, mgeni aliyefika katika bustani hii wakati wa Pasaka alikuta nini? Alikuta kangaruu, alikuta mamba mmoja asiyejongea, alikuta foleni ya choo. Leo hii, kupitia Mpango Mtambuka wa Kuboresha Uzoefu wa Mgeni wa Msimu, Awamu ya Kwanza, mgeni huyo huyo anakuta uzio wa kisasa wenye mita arobaini za mabati ya kijani, bango lenye rangi nne, na kidirisha cha kuchungulia kinachokidhi viwango vya kimataifa vya vidirisha, ambacho ukikichungulia unaona udongo, na udongo huo, waheshimiwa, ni udongo wa hapa hapa kwetu.

(Makofi ya taratibu, ya vidole viwili viwili, ili wasiamshwe waliolala. Dulcie hakupiga. Alikuwa anatazama kufuli.)

"Naomba sasa mniruhusu niingie kwenye takwimu. Tangu Septemba, waliofika kwenye uzio huu kwa lengo la kumwona bilby wameongezeka kwa asilimia mia moja arobaini na mbili nukta tatu. Malalamiko kutoka kwa wageni: kumi na saba. Malalamiko kutoka kwa bilby: sifuri. Katika kipindi chote hicho hakuna bilby hata mmoja aliyetoroka, hakuna aliyeugua, hakuna aliyemng'ata mtoto wala kugombana na mwenzake, na chakula cha wadudu kilichotengwa kwa ajili yao hakijapungua hata punje, jambo ambalo wataalamu wangu wanalitafsiri kuwa ni nidhamu ya hali ya juu.

(Col: "Wanyama wasiokula miezi saba?" Mwanamke mmoja mwenye pacha kwenye kigari: "Shh! Utawaamsha, bwana we!" Col, kwa mnong'ono: "Mama, mimi nina mashaka kama kuna wa kuamka.")

"Wapo watu, sitawataja, ila mmoja wao anachoma soseji, ambao kila jambo la maendeleo kwao ni swali. Kwa hao nasema: maendeleo hayaonekani kwa macho ya mchana. Bilby naye haonekani kwa macho ya mchana. Je, tuseme bilby hayupo? Je, tuseme maendeleo hayapo? Mimi ninapomtazama mnyama huyu mpole, mwenye masikio yake yale mazuri, moyo wangu unajaa, kwa maana ninamwona ndani yake sungura wetu mpendwa wa Pasaka, ambaye…

(Hapo hata mnong'ono ulisahaulika. Wafugaji kumi na watano walisimama kwa pamoja. "Sungura?" "Nani mpendwa?" "Shuka hapo, Lindsay!" Mzee mmoja alivua kofia akaitupa chini, akaikanyaga, akaiokota. Mke wa Naibu Meya akajifunika uso kwa ratiba.)

"…ambaye, nilikuwa nakuja huko, ni adui yetu mkubwa, na ninaelekeza neno hilo liondolewe kwenye kumbukumbu za hotuba. Ahsanteni. Turudi kwenye mkakati. Kwa upande wa nguvukazi, serikali ya mji wetu imejengea uwezo wanaojitolea thelathini na wawili kupitia semina elekezi ya dakika ishirini, iliyohusu jinsi ya kusimama, jinsi ya kunyoosha mkono kuelekea upande uliokusudiwa, na jinsi ya kumjibu mgeni bila kumwongezea taarifa. Nani hapa hajawahi kusaidiwa na mtu wa fulana ya kijani? Krismasi, jua la kuyeyusha ndala, wao wapo. Likizo ya Julai, baridi ya kupasua midomo, wao wapo. Nimeagiza kwamba mchango wao utambuliwe rasmi kwa kila mmoja kupewa kifungo cha pili cha fulana.

(Sauti kutoka kwetu nyuma: "Cha kwanza bado hatujakipata!" Nitasema ukweli: sauti ilikuwa yangu.)

"Na sasa umefika wakati ambao historia ilikuwa inausubiri. Kwa mamlaka niliyopewa, na kwa mkasi huu nilioazima kwa kinyozi, nakata utepe.

(Ukakatika alipojaribu mara ya tatu. Watu wakasogea mlangoni, kimya, watoto juu ya mabega. Dulcie alikuwa mbele kabisa, mikono kifuani. Naibu Meya akashika kufuli, akalitazama kama mtu anayetazama saa, akaliachia, akarudi kwenye kipaza sauti. Dulcie: "Mheshimiwa, mlango." Naibu Meya: "Mama, tunafungua kwa awamu.")

"Ufunguzi huu, kwa mujibu wa mwongozo, ni ufunguzi wa dhana. Ufunguzi wa mlango utafuata. Tusiwe watu wa kukimbilia milango! Naomba tuimalize siku hii kwa sauti moja. Nikisema 'Bilby', mseme 'Juu'. Bilby!

(Watu mia tatu, kwa mnong'ono: "Juu.")

"Utalii wa msimu!

("Juu.")

"Uwazi na uwajibikaji!

(Kimya. Mamba akajongea.)

"Namalizia kwa shukrani. Namshukuru Mungu, namshukuru mke wangu, nalishukuru turubai. Kwa namna ya pekee kabisa namshukuru mama yetu Dulcie Hargreave, ambaye kwa miezi saba mfululizo, mvua na jua, amelinda kwa uaminifu usio na mfano eneo hili lililotengwa kwa ajili ya nyumba ya bilby, nyumba ambayo ujenzi wake utaanza mara tu wataalamu watakapokubaliana iwapo mchoro utangulie shimo au shimo litangulie mchoro. Na kwa heshima kubwa nawashukuru bilby wenyewe, dume na jike, ambao hivi ninavyozungumza wako kwenye kituo chao cha kuzalishia, kilomita mia saba kutoka hapa, kwa uvumilivu wao wa kutusubiri. Soseji ziko mkono wa kushoto. Ahsanteni kwa kunisikiliza."

Hiyo ndiyo hotuba. Sijaongeza chumvi, na ningekuwa nayo ningemtupia machoni.

Hakuna aliyepiga kofi. Dulcie alipanda jukwaani kwa goti lake lile bovu, ngazi moja, ngazi ya pili, akamtoa Naibu Meya kipaza sauti mkononi kama unavyomnyang'anya mtoto kisu. Akageukia watu.

"Niliwaambia wamelala," akasema. "Niliambiwa niwaambie, nami sikuuliza. Nilipaswa kuuliza. Nawaomba radhi, wote, na zaidi nyinyi wadogo. Hapa hamna bilby. Hapakuwahi kuwa na bilby."

Yule mwanamke mwenye pacha ndiye aliyemjibu. "Dulcie, mpenzi, sisi tulikuja kila Jumamosi," akasema. "Wanangu wanalala wakiwaombea hao wanyama."

"Najua," Dulcie akasema. "Ndiyo maana siwezi kushuka hapa."

Mimi nilikuwa tayari kwenda kumshusha na kumpiga Naibu Meya kwa mkoba wangu, kwa mpangilio wowote utakaowezekana, ila Col aliwahi. Alikuwa bado ameshika koleo la kugeuzia soseji. "Dulcie! Hao wanyama wanataka udongo wa kina gani?"

"Mita mbili," Dulcie akajibu papo hapo, maana kwa miezi saba alikuwa amejifunza kila kitu cha bilby isipokuwa sura yao. "Mchanga. Na wavu chini na pembeni, la sivyo watatokea kwenye maegesho."

"Na mle ndani sasa kuna nini?"

Akatazama kidirisha. "Kifusi."

"Waungwana," Naibu Meya akasema, "hilo lina mchakato wake."

"Mchakato huo unachimba?" Col akauliza.

Naibu Meya akasema kimsingi hauchimbi.

"Basi tupishe."

Kamanda wa zimamoto alikata kufuli kwa mkasi wake mkubwa, yeye mgeni mwalikwa kabisa, mwenye tai. Kesho yake, Jumapili ya Pasaka, baada ya ibada, walikuja watu arobaini. Wafugaji walileta wavu wa kuzuia sungura uliobaki maghalani kwao. Malkia wa Maonyesho wa mwaka jana na wa mwaka juzi walisukuma toroli moja bila kusemezana. Naibu Meya alituma barua ya kutupongeza kwa kutekeleza maono yake, na Dulcie akaitumia kufungia sandwichi.

Sasa ni wiki ya nne. Shimo limenifika kifuani, nami si mfupi. Mama msimamizi wa kituo cha kuzalishia alipigiwa simu na Dulcie mwenyewe, akaambiwa ukweli wote mwanzo mpaka mwisho. Akasema atakuja kukagua Juni, na kama mita mbili zimetimia, atawaleta kwenye gari lake dume na jike. Kama hazijatimia, wanakwenda mji mwingine. Dulcie hajakosa siku. Anachimba asubuhi, mchana anavaa fulana ya kijani anasimama kwenye uzio, na mtoto akimuuliza anamwambia, "Bado hawajafika, mpenzi. Njoo uone kitanda chao."

Kwa hiyo wewe, ukija, usije Jumamosi na keki ya kununua na maneno ya pole. Njoo Jumapili, saa mbili kamili asubuhi. Vaa viatu vya kufunga, lete sururu na glavu zako mwenyewe. Pembe ya kaskazini, ile yenye mawe, hakuna aliyeigusa. Nimewaambia ni yako.