Pembetatu za Nasike

Jumatatu, 9 Juni
Nasike wangu amechaguliwa! Ijumaa ataunda mraba kwa pembetatu ndogo, mbele ya wazazi wote wa chekechea hapa Kitale. Miaka mitano tu. Akili ametoa kwangu, hata kama niliishia darasa la nane. Nimempigia mama mkwe kule Myanga. Anasema atakuja ajionee, maana yeye anajua akili ni ya mwanawe Wanyonyi. Tutaona.

Jumanne, 10 Juni
Jirani yangu Kadija amemkatia Adow wake pembetatu za katoni ya biskuti. Katoni! Mimi ni fundi wa nguo, bana. Nimekata za kitenge, nikazipaka gundi ya unga, zimesimama kama kola. Mwalimu Rosaline alituma karatasi yenye mraba wa kujaza. Nimeupima vizuri, kisha kila upande nikaongeza nusu inchi ya kushonea. Fundi hasahau nusu inchi.

Alhamisi, 12 Juni
Nasike ati pembetatu zinatoka nje ya mraba. Nimemwambia asukume. Zimepandana. Ameomba makasi azipunguze. Kitenge kipya hivyo? Nimechukua chaki, nikachora mraba mkubwa juu ya ule wa mwalimu. Zimeingia! Kichwa ninacho.

Ijumaa, 13 Juni
Mwalimu amegawa karatasi mpya. Mraba ule ule mdogo! Kitenge kimemwagika kila upande. Kadija akakohoa. Nikasimama kumwonyesha Nasike pa kusukuma, mwalimu akanirudisha kitini kama mwanafunzi. Mtoto akaniangalia kwa huruma, kisha akamgeukia Adow.
"Nipatie zako za katoni."
Mbili tu. Mraba ukakaa sawa. Halafu akageuza moja, ukawa pembetatu kubwa, kitu ambacho hata mwalimu hakuwa amewafundisha. Makofi! Mama mkwe akaniinamia sikioni.
"Huyo ni Wanyonyi mtupu."
Nikamjibu kwamba nimekesha naye wiki nzima. Ni kama kweli.

Jumamosi, 14 Juni
Nimetundika kibao mlangoni: MAUMBO HUFUNDISHWA HAPA. Kadija amemleta Adow akicheka, sijui kwa nini. Mama mkwe, aliyelala kwetu, amevuta kiti karibu kabisa. Vizuri, leo atajua. Somo la kwanza: kuunda duara kwa pembetatu nne.
Nasike akauliza, "Mama, na pembe zitaenda wapi?"
Nimemtuma dukani.