Sheria ya Jimbo la Mapenzi

Jumatatu, 4 Novemba
Mgongo umekufa. Siku nzima kuvuta mabomba ya kisima cha mafuta kwenye upepo wa Dakota Kaskazini, na mwezi ujao naoa! Solveig anataka tusaini mkataba kwanza. Ana shamba la ngano aliloachiwa na babake. Mkataba wenyewe ni mfupi: tukiachana, mali igawanywe kwa sheria ya jimbo gani. Wendell, ninayelala naye chumba kimoja, kaniambia kwetu Louisiana wanandoa hugawana nusu kwa nusu. Nusu ya shamba! Ghafla nimeikumbuka sana Louisiana.

Jumanne, 5 Novemba
Nimekula kwa Solveig. Viazi vya kuoka na nyama ya kusaga, tena. Nikamweleza kwa huzuni kwamba nimechoka kuwa mgeni, angalau ndoa yangu isimamiwe na sheria ya nyumbani. Kaacha kumenya viazi. Kakubali bila kubisha. Kaniuliza mchuzi wa bamia wa mama ulipikwaje, akaandika. Nikajisikia vibaya kidogo. Njiani ikapita.

Alhamisi, 7 Novemba
Msiba. Wakili, Bi Bergstad, katufafanulia. Sheria ya Louisiana hugawa kinachochumwa baada ya harusi. Shamba la urithi linabaki la Solveig. Mshahara wangu, na mgongo wangu ndani yake, nusu ni ya Solveig. Hapa Dakota Kaskazini, jaji huangalia kila kitu anapogawa, urithi pia. Nikasema haraka kwamba hamu ya nyumbani imepoa. Bi Bergstad akatazama dirishani.

Solveig hakupandisha sauti. “Ovide, tangu Jumatatu unatafuta jimbo la kuachana. La kuishi umelitafuta lini?”

Kasema haolewi nami hadi nilipate, akaendesha gari peke yake. Nimerudi kwa miguu.

Jumamosi, 9 Novemba
Sijala. Juu ya mnara wa kisima nimeitazama nchi hii tambarare. Miaka yote nimelala vitanda vya kampuni. Hakuna mwingine aliyewahi kuniuliza mama alipikaje. Nikiikosa meza ile ya Solveig, nitarudi wapi? Mama alishakufa, nyumba ilichukuliwa na mafuriko.

Jumapili, 10 Novemba
Nimemkuta Solveig akitoka kanisani. Nikamwambia jimbo langu la kuishi ni hili, kwa sababu yeye yuko hapa. Nilimaanisha kila neno. Machozi yakamlengalenga. Kasema basi kesho twende kwa Bi Bergstad, tuandike Dakota Kaskazini.

Dakota Kaskazini! Jaji huangalia kila kitu, urithi pia!

Nikamkimbilia Wendell, nikamwambia nimeshinda. Akauliza, “Kwani unakusudia kumwacha, mzee?”

Hata kidogo. Nitazikwa naye.

“Sasa umeshinda nini?”

Ana wivu tu huyu Wendell.