Stabilaiza ya Nyuma na Kikombe cha Haji Mufleh

Jumamosi, 12 Oktoba

Aibu! Ami Abu Dirar, baba yake Rudaina, ametapika ndani ya gari langu. Nilijitolea kumrudisha kwao Shuna kutoka sokoni hapa Salt, apate kunizoea kabla sijamposa binti yake Ijumaa. Kona za Wadi Shuaib zikamshinda. Kila kona gari linalala upande, kila kona ami anamtaja Mungu. Karibu na chemchemi akafungua mdomo. Nilidhani anataka kusema kitu.

Mlangoni kwao tukamkuta Rakan. Huyu ni mtoto wa kaka yake ami, na huku binamu akisema “namtaka,” wanaume wengine wote tunapisha njia. Bado hajasema. Anatafuna mbegu za maboga tu na kunitazama. Akamshika mzee mkono, akamletea limau, kisha akaniuliza kwa upole kama gari langu nalo lina mimba.

Ami akasema kwamba mtu asiyeweza kunyoosha gari sijui atanyoosha vipi nyumba. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniuma. Eti Ijumaa tuje tu, atatusikiliza. Atatusikiliza! Hata mwalimu wangu wa hesabu alikuwa akinisikiliza.

Jumapili, 13 Oktoba

Nimepata dawa! Stabilaiza! Ile fimbo ya chuma inayopita chini ya gari, inashika gurudumu la kulia na la kushoto ili gari lisilale kwenye kona. Yangu ya nyuma ni nyembamba, ya kuchomea mishikaki. Samih wa vipuri anayo moja nene, imetoka kwenye gari la mashindano ya kupanda mlima. Nimempa redio yangu, amenipa chuma.

Kila ncha ina matundu mawili, moja la kulifanya gari laini kidogo, jingine kali. Samih akasema niulize anayejua nianze na lipi. Nimejiuliza mwenyewe. Kali!

Nikampigia Rudaina kumweleza. Yeye ni mfamasia, akasema dozi huanza ndogo. Nilicheka sana. Gari si mtoto mwenye kikohozi.

Jumanne, 15 Oktoba

Jana kutwa chini ya gari. Kazini wanajua nina jino bovu. Niliifunga stabilaiza juu chini, ikawa inagonga ekzosi. Nikafungua, nikafunga upya. Leo haigongi ila inalia. Kila tuta, kwiii! Bushi mpya, zile pete za mpira zinazoishika, zinataka grisi, na grisi sina. Lakini jikoni kuna mafuta ya zeituni.

Kumbe ndiyo ya mwisho ya mavuno ya mwaka jana! Mama aliyaficha kwa ajili ya wageni wa Ijumaa. Akatoka hadi barabarani, akaniuliza mbele ya majirani kama nakwenda kuoa au kukaanga gari. Nikamwambia mama, yote haya ni kwa ajili ya wajukuu zako. Akasema wajukuu hao watakula bushi, basi.

Hata hivyo kelele zimekwisha. Paka wa mtaa mzima wamehamia chini ya gari.

Jumatano, 16 Oktoba

Ee Mola wangu! Gari linapita wima! Niliweka bakuli la mtindi kiti cha mbele, nikashuka kona zote, halikumwagika hata tone. Nilicheka peke yangu kama chizi. Siku hizi nne sijawahi kuwa na furaha kama hii.

Pale chemchemini nikamwona Rakan amekaa kwenye pikapu yake. Nikaichapa kona mbele ya macho yake. Mkia wa gari ukachomoka kidogo, nikaurudisha. Akaacha kutafuna! Akapaza sauti, “We Mutasim, huo mkia unataka kukutangulia!” Wivu huo.

Jioni Rudaina akaleta ujumbe. Rakan ameshamwambia yote. Kaandika: “Hamishia boli kwenye tundu la laini kabla ya Ijumaa, tafadhali. Mimi nataka kuolewa, sitaki kuzika.” Anataka kuolewa! Kaandika mwenyewe! Hiyo sehemu nyingine nitaishughulikia kesho.

Alhamisi, 17 Oktoba

Mvua ya kwanza ya mwaka. Manyunyu tu, yamelowesha vumbi la barabarani. Nilikusudia kuhamisha boli, wallahi nilikusudia. Nikachukua spana, nikalala chini, nikaukumbuka uso wa Rakan ulivyoacha kutafuna. Nikainuka.

Jambo jema: Haji Mufleh, msemaji wetu wa posa, atapanda gari langu. Haji ni kaka wa babu yangu, na tangu aanze kuombea watu mabinti hajakataliwa hata mmoja. Wajomba walitaka apande lile gari kubwa. Nimewabembeleza wakachoka. Nataka ami amwone akishuka mzima kabisa, kilemba hakijasogea.

Ijumaa, 18 Oktoba

Kona ya chini ya chemchemi. Lami ina utelezi. Niliingia vizuri kabisa, kisha nikaachia pedali ya mafuta ghafla. Pua ikaenda Shuna, mkia ukataka kurudi Salt! Tukazunguka, tukasimama katikati ya barabara tukiwa tumewaelekea wajomba zangu wote kwenye magari yao. Salama, hakuna aliyeumia. Ila Haji hakusema neno tena njia nzima, na kusema ndiyo kazi yake.

Sebuleni kwa ami. Wazee wamejaa ukutani. Rakan ndiye anayemimina kahawa, akaweka kikombe mbele ya Haji. Kila mtu anajua: kikombe hicho hakiguswi. Haji anaomba binti, wakikubali ndipo anakunywa. Akinywa kabla, hana haja, amekuja kahawani tu.

Haji alikuwa na midomo mikavu. Akakitazama kikombe. Nikasema kimoyomoyo, usikiguse, babu, usikiguse. Akakidaka, akakipiga chote! Kisha akanyoosha mkono aongezwe.

Rakan akasema, “Aa, karibuni tena siku nyingine, wazee wangu. Kumbe mlikuwa na kiu tu.” Ami akasema taratibu kwamba mila ni mila, mgeni amekunywa. Wajomba wakaanza kutafuta viatu. Nikamwona Rudaina akiondoka maishani mwangu kwa sababu ya tundu moja la boli, na sikuwa na wa kumlaumu. Nikainamisha kichwa wasinione nikilia.

Pazia la ndani likafunguka. Rudaina mwenyewe! Mbele ya wazee wote! Kashika sinia lenye kikombe kimoja, akakiweka mbele ya Haji, akasema, “Hicho cha kwanza kilikuwa dawa ya mshtuko, babu. Cha kuombea ni hiki hapa.” Akarudi ndani.

Ami akajifunika uso kwa kilemba. Mabega yakamtikisika. Nilidhani analia kwa aibu, kumbe anacheka! Akamwambia Haji, haya, omba. Haji kasahau hotuba yake yote. Akasema, “Mpe binti huyu kijana, angalau akae nyumbani asiendeshe.”

Ami akasema, “Kunyweni kahawa yenu.”

Nimepewa! Nimepewa Rudaina! Vigelegele kutoka ndani kwa wanawake, mama yangu ndiye aliyeanza. Rakan akanikumbatia, akanibana mbavu kuliko inavyohitajika. Ami kaweka sharti: chuma kile nikitoe, na siku ya harusi bwana na bibi harusi watapanda gari lake yeye, lile pana la zamani. Nimeapa mbele ya wazee.

Jumapili, 20 Oktoba

Nimeitoa stabilaiza. Mimi ni mtu wa ahadi. Iko uani, chuma kizuri namna hii kimelala bure!

Leo nilikwenda Shuna kumsalimia mkwe wangu. Akaingia na gari lake getini. Jamani! Linalala hadi nikaona matumbo yake. Ndilo litakalombeba mke wangu kwenye zile kona? Nimeshindwa kula.

Kesho ami anapanda basi kwenda Irbid kwa dada yake, na ufunguo wa gari anauacha msumarini nyuma ya mlango. Nilipokuwa napiga naye soga mezani nilikuwa nimeshapima chini ya gari lake kwa kamba. Stabilaiza inapungua kidogo tu kufika pande zote mbili, nyundo itamaliza. Rudaina sijamwambia. Nataka na yeye imshtukize, pamoja na baba yake.