Koti Jeupe la Mama Daktari

Jumatatu, 9 Juni. Makambako.
Baridi, upepo, na hofu juu yake. Oktavia wangu, daktari (wa kwanza katika ukoo wote, naandika tena: daktari), kapiga simu kutoka Njombe. Wiki saba hajafika, zamu juu ya zamu. Akaomba aongee na mwanawe Flora, miaka miwili na nusu, niliyemlea tangu aachishwe ziwa. Nikamwekea simu sikioni, nikamwambia ongea na mama. Flora akaitupa kwenye karai la viazi, akanirukia shingoni. Mama ni huyu, anasema. Huyu ndiye mimi!
Oktavia alisikia. Akasema taratibu: "Mama, nakuja Jumamosi. Asiponijua, naacha kazi nije nilee."
Aache kazi! Shamba la miti la marehemu baba yake liliuzwa asome. Jumuiya nzima wananiita Mama Daktari. Wataniita mama wa nani? Chai imenishinda.

Jumanne, 10 Juni.
Nimepata akili. Shule iliishia darasa la saba, akili haikuishia. Nimebandika picha ya Oktavia, ile ya koti jeupe, chini kabisa ukutani, usawa wa macho ya mtoto. Kabla ya uji: huyu nani? Mama. Baada ya uji: huyu nani? Mama. Kufika jioni anataja bila kuulizwa. Wenye diploma waje niwafundishe.

Alhamisi, 12 Juni.
Aibu. Tumekwenda bucha kununua maini. Methusela muuza nyama katokeza na koti lake jeupe, kisu mkononi, ndevu hadi kifuani. Flora akamkumbatia miguu. "Mama!" Foleni nzima hoi kwa kicheko. Mama Vitus, ambaye mwanawe ni karani tu, akauliza kama huyu ndiye yule daktari wangu wanayesikia habari zake. Methusela, mtu mwema, akampa mtoto kipande cha ini. Amezidisha balaa.
Na Tarsis, mume wa Oktavia, akisikia? Akimwambia mkewe? Yeye ni mkwe wangu, kwa heshima zetu siwezi kumwambia neno uso kwa uso. Nalala chumba cha uani hapa kwake, tukipishana najifunika khanga, na maneno yetu yote hupita kwa mtoto. Basi nikajibanza nyuma ya mlango: Flora, mwambie baba asimwambie mama habari za bucha. Akamwambia. Tarsis akajibu aambiwe bibi kwamba amesikia. Nimepumua kidogo.

Ijumaa, 13 Juni.
Sijapumua tena. Nimegundua mtoto hajui sura, anajua koti! Oktavia atakuja na sweta, Flora atakimbilia kwangu, na udaktari umekwisha. Nimeazima koti la pili la Methusela. Nimelichemsha mara mbili, nimelikausha juu ya jiko la mkaa maana jua hakuna. Doa la mfukoni limegoma kutoka. Potelea mbali. Daktari naye anagusa damu.

Jumamosi, 14 Juni.
Nimemdaka Oktavia getini, nikamvisha, nikasema ni kwa ajili ya baridi. Akauliza koti la nani. La wageni, nikasema. Macho yake mekundu kwa uchovu, hakubisha. Rozari imelowa jasho.
Flora akachungulia. Akasimama. Akakimbia. "Mama!"
Oktavia akapiga magoti vumbini, akamkumbatia, analia. Mimi nalia. Tarsis mlangoni anafuta miwani. Ningekufa pale, ningekufa mshindi.
Flora akanyoosha kiganja. "Mama, maini."
Oktavia akanusa koti. Sijafungua mdomo, mtoto akafikisha ujumbe, si nimemzoesha mwenyewe: "Bibi kasema baba asimwambie mama bucha."
Oktavia akalivua. Hakunigombeza, na hilo ndilo limenitisha. Akauliza tu mtoto ananiita mama tangu lini. Nikasema tangu Pasaka. Jambo la kweli la kwanza wiki hii.

Jumapili, 15 Juni.
Oktavia kamwogesha mtoto mwenyewe. Flora kalia akinitaka mara tatu, nami nimejifungia chumbani, masikio nimeziba kwa khanga. Baada ya misa Oktavia akaja uani. Nikajua ndiyo hiyo, kazi imekwenda.
Haachi kazi. Anaondoka na Flora. Jirani yake Njombe atamshika wakati wa zamu, na Tarsis atawafuata kila Ijumaa. "Umelea vya kutosha, Mama. Sasa pumzika."
Pumzika! Nani kasema nimechoka? Wiki nzima nimeogopea kazi, kumbe anayeondoka ni mtoto.

Jumanne, 17 Juni.
Nyumba kimya, inatisha. Mkwe na mimi hatuna wa kutupelekea maneno. Asubuhi kasimama uani kwa adabu, akamwambia kuku kwamba bibi aambiwe chai ipo mezani. Nikamjibu kupitia kuku huyo huyo: mgongo unaniuma vibaya mno, na mgongo kama huu unahitaji daktari wa Njombe, tena wa kulala kwake, wiki tatu au nne.
Nguo nimeshafunga. Mgongo wenyewe sijaamua utauma upande gani.