Kamati ya Kudhibiti Hamu ya Kujua Kinachofuata

Wananchi wote wa Kibondo na Kasulu mnatangaziwa kwamba kuanzia tarehe mosi mwezi wa tatu ni marufuku kutaka kujua kinachofuata. Atakayebainika kuwa na hamu hiyo, iwe nyumbani, sokoni au ndani ya chombo cha usafiri, atachukuliwa hatua. Wenye hamu ya zamani wanapewa siku saba za kuimaliza.

Tangazo hilo nililiandika mimi, Nurudini, Katibu wa Mamlaka ya Uendelezaji Vilima, na lilipita kikaoni bila kuguswa nukta. Najua wapo waliocheka. Waliocheka hawakuwa na mafaili.

Hali ilikuwa hivi. Sokoni Kibondo kuna mama anaitwa Deborah Niyonsaba, muuza maharage. Wazazi wake walivuka kutoka Burundi mwaka sabini na mbili, na uraia wakaja kuupata wakiwa wazee, baada ya kuusubiri kwenye foleni ambayo, naomba ieleweke, haikupangwa na Mamlaka yetu. Deborah ameishia darasa la saba. Nyuma ya debe lake la maharage alikuwa anaandika hadithi kwenye madaftari ya shule, kwa kalamu ya bluu, na kuyaazimisha. Unachukua daftari moja, unasoma, unarudisha, ndipo unapewa linalofuata. Ukitaka kuruka anakwambia, "Tulia kaka, hata mimi sijajua linaishaje."

Hadithi yenyewe ni ya mtu asiye na jina, ambaye wasomaji walimwita Mkabidhi. Huyo Mkabidhi hana bunduki wala panga. Anachagua mkubwa mmoja aliyekula mradi, anamfuatilia wiki nzima mpaka anajua hata anapendelea kukaa upande gani wa meza. Halafu alfajiri anagonga mlango na kusema kwa adabu kabisa, "Habari za hapa. Nimekuja kukukabidhi mradi wako." Kukipambazuka mkubwa anakutwa mradini. Aliyejenga daraja kwenye karatasi anakutwa amefungwa kamba katikati ya mto, palepale ilipoandikwa nguzo ya pili. Aliyenunua gari la wagonjwa lisilo na injini anakutwa amefungiwa ndani, amelazwa kwenye machela, anasubiri lifike hospitali. Kila mmoja ana hati kifuani, na sahihi yake mwenyewe: nimepokea mradi, ukiwa katika hali nzuri.

Na kila daftari linaishia pale mlango unapogongwa. Haisemwi ni mlango wa nani.

Madhara yalikuwa makubwa. Basi la Kasulu lilichelewa kutoka stendi dakika arobaini kwa sababu abiria mmoja wa kiti cha nyuma alikuwa anawasomea wenzake daftari la nne, na dereva amezima injini ili asikie vizuri. Huko Munanila watu waliacha tangawizi shambani wakabishana kama Mkabidhi ni mwanamume au mwanamke. Hayo yote Mamlaka ingeyavumilia. Lakini maofisa wetu waliacha kufungua milango. Mwananchi anakuja na kuku wake wa shukrani, anagonga, ndani kimya. Anagonga tena, anasikia kiti kinasogezwa kuegemezwa mlangoni. Kwa wiki tatu hakuna kuku aliyepokelewa katika wilaya mbili. Huduma kwa mwananchi zilikuwa zimesimama.

Ndipo ikaundwa Kamati. Mwenyekiti alikuwa Mheshimiwa Stanislaus, mkuu wa Mamlaka yenyewe, mtu mwenye sauti ambayo hata akiomba chumvi unahisi mradi umezinduliwa. Wajumbe walikuwa Mhandisi Hamis na Afisa Manunuzi, Bwana Reverien. Katibu mimi. Tulikwenda sokoni mchana kweupe tukayachukua madaftari yote saba. Tukamwarifu mwandishi kwamba baada ya taratibu kukamilika yatachomwa, na meza yake itaondolewa.

Hakupiga kelele. Alisema maharage anaweza kuyauza hata chini ya upenu wa mtu. "Lakini hayo madaftari hayana nakala, Katibu. Ni miaka sita. Nimeyaandika nikinyonyesha, nimeyaandika nikiuguza. Mkiyachoma sina pa kuyatoa tena." Kisha akaomba risiti. Nikampa. Mimi ni mtu wa utaratibu.

Kwa utaratibu huohuo, kitabu hakichomwi mpaka kisomwe. Kikao cha kwanza kilifunguliwa saa tatu asubuhi kwa sala fupi, na tangu hapo hadi saa kumi hakikusikika kitu isipokuwa kurasa. Chai ilipoa. Mhandisi Hamis alifika kwenye gari la wagonjwa akacheka mpaka akafuta machozi kwa tai, huku anamtazama Reverien. Reverien alipofika kwenye daraja aliomba kikao kiahirishwe ili asome kipande kile tena, taratibu. Niliona kwa macho yangu watumishi wawili wa umma wakimwombea Mkabidhi asikamatwe, kila mmoja akiamini mtu huyo ana kazi nzuri sana ya kufanya kwa mwenzake.

Mwenyekiti alilichukua daftari la saba nyumbani, kwa sababu za kiusalama. Alilirudisha baada ya siku mbili, macho mekundu.

"Mlango wa mwisho ni wa nani?" akaniuliza.

Nikamjibu kwamba daftari la nane halijaandikwa.

"Liandikwe," akasema. "Halafu tulichome."

Sasa tufike kwenye Kanuni ya Tisa, ambayo niliitunga mimi. Inasema kitabu kitachomwa endapo tu atajitokeza mtu aliyeguswa nacho, na akathibitisha mbele ya umma kwamba anayesemwa mle ndani ni yeye. Mtu haguswi hewani. Nikatengeneza Fomu ya Mlalamikaji Aliyeguswa, kurasa mbili, yenye nafasi ya kutosha kwenye kipengele cha "eleza mambo yaliyofanana na yako."

Siku nne hakuna aliyejaza. Siku ya tano Mhandisi Hamis akajaza, akaeleza kwamba lile daraja haliwezi kuwa la mwingine, maana katika wilaya zote mbili hakuna mtu mwenye uwezo wa kujenga daraja la namna ile. Reverien alipoona mwenzake ana sura yake kitabuni, akashindwa kula. Kesho yake akajaza, akaambatanisha picha ya gari. Mwenyekiti aliposikia walio chini yake wote wameguswa na yeye bado, aliniita ofisini, akafunga mlango, akajaza fomu tatu.

Nikazigonga mhuri zote. Zilikuwa zimejazwa vizuri sana.

Usikilizwaji wa hadhara ulifanyika Jumamosi asubuhi, sokoni palepale. Nilitarajia watu hamsini. Walikuja mpaka wa Kumsenga na vigoda vyao, na kutoka Kasulu likaja basi zima. Madaftari yaliwekwa mezani, na pembeni yake kibiriti, kwa ajili ya utekelezaji. Deborah akaketishwa mbele peke yake. Nilimwona anakitazama kile kibiriti, hatazami mtu.

Mwenyekiti aliendesha shauri na pia alikuwa mlalamikaji, jambo lililookoa muda. Alisimama akasoma fomu yake ya kwanza kwa ile sauti yake ya uzinduzi. Alisema kwamba yule mkubwa wa daftari la pili, aliyekutwa alfajiri ameketishwa kwenye dawati ndani ya shule isiyo na paa, mvua inamnyea, ni yeye Stanislaus hasa, na kwamba amedhalilishwa.

Nikamuuliza mwandishi ana neno gani.

"Si yeye," Deborah akasema.

Mwenyekiti akavua miwani. "Unasema?"

"Si wewe, mheshimiwa. Yule wa kwangu alikula mahindi ya msaada, akapelekwa shuleni kwa sababu ghala lilikuwa limefungwa. Nakuomba usijisingizie. Wewe ni mtu mzuri."

Watu wakaguna. Mwenyekiti alijikaza kama mtu aliyepokonywa cheo hadharani. Na hapa msomaji aelewe ubaya wa hali: kama si yeye, basi hakuguswa, na kama hakuguswa, madaftari yanarudi kwa mwenyewe. Ilibidi athibitishe.

Akasema mahindi yamewekwa pale kwa hila, ili kumficha. Ukweli wenyewe ni mabati.

Hapo akanyanyuka bibi mmoja wa Kumsenga, Mwanahawa, mkongojo mkononi. "Mabati yapi, baba?"

"Ya shule yenu, bibi."

"Yale mliyotuambia yalichukuliwa na upepo?"

"Upepo haukuhusika hata kidogo," Mwenyekiti akasema, na kweli alikuwa ameumia kuona sifa zinapelekwa kwa upepo.

Bibi Mwanahawa hakukaa. Akasema ilikuwa Jumanne, mwezi wa kumi na moja, miaka tisa iliyopita, na kama wakubwa wamesahau, yeye hana kazi nyingine zaidi ya kukumbuka. Mjukuu wake alisoma darasa la pili mwaka mzima akiwa amejifunika sufuria kichwani. Walimu walikuwa wanaandika ubaoni, mvua inafuta. "Na mlikuja hapahapa mkatufundisha kupanda miti ya kuzuia upepo," akasema. "Tukapanda. Ego, ndiyo, tukapanda mia nne."

Nilimwomba afupishe. Alisema ameshafupisha.

Deborah akarudia kwa upole kwamba bado haoni ushahidi. Mtu anaweza kujisifu. Nani aliyaona hayo mabati?

Basi Mheshimiwa Stanislaus akafungua mkoba. Alitoa hati ya kupokelea mzigo. Akamwita dereva wa lori kwa jina, naye akajitokeza kutoka kwenye kundi, akakiri safari mbili. Mwisho akanyoosha mkono juu ya vichwa vya watu, kuelekea mlimani, kwenye gesti yake inayong'aa kila jua likitoka.

"Geukeni," akasema. "Lile paa mnaliona? Vyumba kumi na viwili. Sasa atokee mtu aniambie si mimi."

Soko zima likageuka. Hapakuwa na aliyepiga makofi wala aliyezomea. Walilitazama lile paa kama watu wanaosubiri msomaji afungue ukurasa.

Deborah akasema, "Basi nimeridhika. Ni wewe."

Kamati ilijitenga kwa dakika tano. Hamis na Reverien waliridhia kwamba lalamiko limethibitika pasipo shaka, na kila mmoja akaomba la kwake lithibitishwe kwa kiwango kilekile. Nikaandika uamuzi. Lakini katika kuandika, nikakutana na jambo la kisheria. Kamati yetu imepewa mamlaka juu ya hadithi za kubuni. Mambo haya yamethibitika kuwa kweli. Kwa hiyo kilichopo mezani si hadithi, ni taarifa ya wizi, na taarifa ya wizi haichomwi. Inapelekwa kwa wanaoshughulikia wezi, pamoja na fomu zote, nakala tatu.

Nilimsomea Mwenyekiti. Alisikiliza mpaka neno "limethibitika," akachukua kalamu akasaini. Akasaini na zile nakala.

"Nimeshinda," akawaambia watu.

Deborah akayabeba madaftari yake saba, akayakung'uta vumbi moja moja, akarudi kwenye maharage yake. Kibiriti nacho akakichukua. Alisema nyumbani kimeisha.

Jumatano gari la wanaoshughulikia wezi likaja ofisini. Mheshimiwa Stanislaus alipanda akiwa ameshika nakala yake ya uamuzi, anawaonyesha vijana wale kwa kidole mahali palipoandikwa kwamba ameshinda. Nao wakampongeza. Hamis na Reverien walifuatwa siku iliyofuata, na niliambiwa njia nzima walibishana ni nani kati yao yuko kwenye daftari lenye kurasa nyingi.

Mimi sikufuatwa. Sikuwa nimejaza fomu yoyote, kwa sababu mle ndani sikujiona, na nilisoma kwa makini. Kazi yangu ilikuwa kupeleka karatasi zinapotakiwa kwenda. Nimefanya hivyo miaka kumi na tisa.

Ila jana nilipita sokoni. Kwenye benchi la Deborah walikuwapo watu wanne, na Bibi Mwanahawa katikati, wanasomewa daftari la nane kwa sauti. Nilipokaribia, msomaji akanyamaza. Wakaniamkia vizuri, mwidiwe Katibu, wakasogea wakanipa nafasi. Wakanitazama, kisha wakatazama chini.

Nikamuuliza Deborah, kwa mazungumzo tu, safari hii mlango ni wa nani.

"Foleni ni foleni, Katibu. Keti."

Nikaketi. Mtu mmoja akakohoa. Nikauliza kama labda kuna fomu ya kujaza kabla, Deborah akasema hapa kwake fomu hakuna, mtu akiwa na la kusema anasema tu. Nikasema mimi sina. Wakasema sawa. Muda ukapita. Bibi Mwanahawa akahema kama mtu anayejua.

Nikawaambia kwamba, kama ni ile habari ya kisima, mimi sikuchimba wala sikuacha kuchimba, nilisaini tu kwamba maji yametoka.

Wote watano wakageuka kwa pamoja. Deborah akalivuta daftari kutoka kwa msomaji, na ndipo nilipoona kwamba mstari wa mwisho uliishia nusu ya ukurasa, na nusu ya chini ilikuwa nyeupe. Akachovya kidole mdomoni, akalilaza vizuri juu ya debe, akafungua kalamu.

"Taratibu, Katibu," akasema. "Kisima kilikuwa na futi ngapi?"